Gari likisema "ta!" usikimbilie dukani

Maneno haya niliyasema Malindi, chini ya mkungu, mbele ya vijana waliomaliza uanagenzi wa umakanika, wazazi wao, na madereva kadhaa waliokuja kwa sababu walisikia kutakuwa na biriani. Nimeyaandika jinsi yalivyotoka. Nilipojirudia nimefuta.

Assalaam aleikum. Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioko nyuma ambao kucha zenu zina grisi hata siku ya leo: hamjambo.

Mnaiona ile pikapu nyeupe pale ukutani? Mwenyewe ni mama wa Mambrui, huyu hapa mstari wa mbele aliyejitanda leso. Huibebea nazi na madafu. Wiki ya tatu sasa pikapu hiyo ikitaka huwaka, isipotaka husema "ta!" mara moja, kisha kimya. Ameshauziwa betri mpya. Ameshauziwa stata, ile mota inayozungusha injini iwake, ya mtumba lakini nzima. Leo asubuhi wajukuu wake watatu waliisukuma ndipo ikafika hapa. Nimemwomba asinieleze zaidi, na nyinyi nimewaomba msiiguse. Tutairudia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kabla sijasema ya wengine.

Nilipofungua gereji yangu ya kwanza, ya mabati manne na mchanga chini, Peugeot 504 ndizo zilizotamba barabara ya kwenda Garsen. Gari hilo lilikuwa limeshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na sisi vijana tulilipa heshima ya mtu mzima. Mzee mmoja aliyekuwa akibeba abiria akaniletea lake. Akasema, fundi, asubuhi linawaka, nikilizima njiani linagoma. Nikapiga stata, nikasikia "ta!". Nikamwambia, mzee, stata imekwisha. Sikupima kitu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sauti hiyo, vijana wangu, ndiyo inayowamaliza wateja mfukoni. Nikamtafutia stata, nikaifunga, gari likawaka, akanilipa akanishukuru.

Siku ya tatu akarudi bila gari. Limelala Gongoni, abiria wamepanda la mwingine. Tukaenda wote. Kwa aibu niliyokuwa nayo nikaanza kupapasa waya mmoja mmoja kama mtu anayetafuta sindano gizani, hadi nikaufikia ule mkanda wa athi, yaani waya wa kurudishia umeme, unaounganisha injini na chesisi. Umeoza. Zimebaki nyuzi nne, tano. Nikafunga waya mwingine mnene, nikapiga stata, gari likawaka hapo hapo. Yule mzee hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Na ile stata yangu ya zamani iko wapi?"

Nilikuwa nimeshaiuza.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Kabla hajang'oa ubao hata mmoja alikuwa akizunguka chombo na kinyundo kidogo, anagonga, anatega sikio, anagonga tena. Mimi mtoto nikimcheka, naona anapoteza siku. Aliniambia ubao mbovu huitika kwa sauti yake. Nilikuja kumwelewa Gongoni, nimelala chali chini ya Peugeot.

Sasa, kwa nini athi? Wengi wenu mnajua kufunga waya lakini hamjaulizwa kwa nini upo. Injini haikukaa kwenye chesisi chuma kwa chuma. Imekalia mipira, ili isitutikise meno. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo umeme ukishatoka betri na kuingia stata, unatafuta njia ya kurudi, na njia yake ni huo mkanda. Stata ya gari dogo hula ampia mia na zaidi. Taa ya mbele hula nne au tano. Ndiyo maana mkanda uliobaki nyuzi tano utawasha taa vizuri, redio italia, honi italia, na wewe utaapa kwamba umeme upo. Upo, wa taa. Wa stata haupiti.

Na hapa kwetu uozo huu una mwenyeji wake. Kusi ikivuma, upepo unatoka baharini na chumvi yake, unaingia kila mahali penye waya wazi. Ukipita Gongoni na Marereni utaona mashamba ya chumvi yenyewe, na magari yanayofanya kazi huko yanaoza kuanzia chini huku juu yanang'aa rangi mpya. Fundi wa bara anaweza kufikiria athi mwishoni. Fundi wa Malindi aifikirie mwanzo.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili. Mita yako ya kupimia umeme iweke volti 20. Waya mmoja wa mita ushike kichwa chenyewe cha kutoa (−) cha betri, ile risasi, si ile klipu iliyokifunga. Mwingine ushike chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi wala mafuta. Mwambie mwenzako apige stata. Mita isipande kupita nusu volti. Ikisoma moja, mbili, basi umeme wako unapotelea hapo katikati, na hakuna stata duniani itakayoponya. Huna mita? Chukua waya mmoja wa jampa, ufunge kutoka kichwa cha kutoa hadi kwenye injini, upige. Likiwaka, ugonjwa umejitaja jina. Halafu fanya hivyo hivyo upande wa kujumlisha (+), kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti nene ya stata, maana na waya huo nao huoza, tena huozea ndani ya ganda lake huku nje unaonekana mpya.

Nimekaa sana kwenye waya, najua. Betri nitaisema upesi, kwa kuwa hiyo kila mtu anaijua, ingawa kila mtu anaionea. Betri nzima iliyojaa, ikalala usiku kucha bila kazi, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imepungua robo. Ikisoma 12 karibu imekwisha. Lakini namba hizo pekee zinadanganya. Ipime huku stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6 na ulikuwa umeichaji vizuri, hiyo ndiyo imezeeka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, hailishi, na betri mpya utakayonunua itakufa kifo kile kile. Ikipita 15, inachemsha maji ya betri. Joto letu hili linaua betri kuliko baridi ya Limuru, kwa hiyo kama betri yako ni ya kufunguliwa, tazama maji kila mwezi, na uongeze maji ya betri ya dukani. Si ya bomba. Na ya kisima ndiyo usiyafikirie kabisa. Nyinyi wenyewe mnajua visima vyetu vina ladha gani.

Na ile tabia ya kung'oa waya wa betri injini ikiunguruma, ati unapima oltaneta! Ilikuwa na maana zamani kwenye dainamo. Kwenye oltaneta unaunguza dayodi, vile vipande vinavyonyoosha umeme wake, na gari lenye kompyuta unaunguza na kompyuta. Nimeona fundi mwenye mvi akifanya hivyo mwaka huu. Simtaji, yuko hapa, na biriani yake ataila kwa amani.

Turudi kwenye sauti. Ukipiga ufunguo ukasikia "ta-ta-ta-ta-ta" ya haraka kama cherehani, solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta na kuachia kwa sababu umeme ni haba: betri au temino, yaani vichwa vyake. Ukisikia "ta!" moja nzito, solenoidi imevuta lakini mota haikuzunguka: waya mnene, athi, kaboni za stata zimekwisha, au, Mungu aepushe, injini yenyewe imekwama. Tia spana kwenye puli ya chini uizungushe kwa mkono kabla hujamlaumu yeyote. Ukisikia inazunguka "wiiii" kama feni na injini haina habari, meno ya stata hayashikani na ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ukisikia kimya kabisa, washa taa za mbele kisha piga. Taa zikizimika, tatizo liko kwenye betri na vichwa vyake. Zikibaki kali, umeme upo ila hakuna aliyeupa amri: swichi ya ufunguo, rilei (swichi inayoamrishwa na umeme), au kwa gari otomatiki, ile swichi inayozuia lisiwake likiwa kwenye gia. Hebu mkono wa gia uutoe P uweke N, upige tena. Likiwaka, umepata jibu bila kufungua hata skrubu moja. Ni mara ngapi nimefanya hivyo mbele ya mteja akaona nimemroga!

Neno moja la hatari. Ule mchezo wa kugusisha bisibisi kwenye stata kutoka chini: kijana mmoja niliyekuwa naye aliufanya gari likiwa gia ya kwanza. Likawaka, likamruka. Mguu ulipona, ila hadi leo akisikia stata anaruka kando. Gia itoke, breki ya mkono ivutwe, gurudumu lizuiliwe jiwe. Na sigara iwe mbali na betri, maana ile hewa inayotoka betri ikichajiwa hulipuka.

Sasa kuna gari ambalo stata inazunguka vizuri sana na haliwaki. Hapo msihangaike na betri tena. La petroli linataka vitu viwili, mafuta na moto. Toa plagi moja. Imelowa petroli? Mafuta yanafika, tafuta moto. Imekauka? Fuata mafuta kutoka tangi. Magari ya kabureta na pointi, na hapa Malindi bado yapo, mwanya wa pointi, vile vipande vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, kwenye mengi ni karibu milimita 0.4, na chumvi hiyo hiyo niliyoitukana huota juu yake. Msasa laini, kitambaa kikavu, mara nyingi safari inaendelea.

Mtu akitoka Mombasa kuja hapa mchana, kilomita 120, akasimama kula viazi karai Kilifi, akirudi gari likagoma, kisha baada ya nusu saa likawaka lenyewe, asilipeleke kwa mganga. Kwenye magari ya kabureta petroli huchemka ndani ya bomba lililo karibu na injini, likajaa mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba kinatosha. Ukifika nyumbani, lisogeze bomba mbali na ekzosi au ulirudishie kinga yake ya bati, ambayo bila shaka kuna fundi aliitoa na hakuirudisha.

La dizeli halina plagi za moto. Linataka dizeli safi isiyo na hewa na mbano mzuri. Likiisha mafuta njiani, kujaza tangi pekee hakutoshi: fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, piga pampu kwa mkono hadi povu liishe yatoke mafuta matupu, funga. Na zile injini kuukuu zinazotegemea hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwaka, msidhani joto la Malindi linazisamehe. Zikifa mbili kati ya nne utaona moshi mweupe asubuhi na injini ikitetemeka kama mwenye homa.

Nimeze mate, tuingie kwenye gia.

Malindi yetu ni tambarare, na hilo ni tatizo la klachi ambalo watu hawalifikirii. Klachi iliyokwisha hapa inaweza kujificha mwaka mzima. Unazunguka Maweni, Shella, Barani, Muyeye, husikii kitu. Siku unapopakia mzigo kwenda Nairobi, mlima wa Mazeras unakuaibisha: injini inapiga kelele, gari halisogei, na harufu kama ya pembe iliyoungua. Basi msingoje Mazeras. Mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, tia gia ya nne, ongeza moto kidogo, achia klachi. Injini izimike papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, pleti imekwisha au ina oili. Msirudie mara tatu kumwonyesha rafiki, kila mara unaila iliyobaki.

Kinyume chake ni klachi isiyoachia. Rivasi inasaga meno, gia ya kwanza inaingia kwa ugomvi. Fundi wa pupa anashusha giaboksi. Wewe tazama kwanza kikombe cha mafuta ya klachi, kisha silinda ya juu kwenye kanyagio na ile ndogo ya chini, vua ule mpira wake wa vumbi uone kama umelowa. Mipira ya ndani hugharimu kidogo sana ukilinganisha na siku nzima ya kushusha giaboksi. Na kelele zina anwani zake. Ikija unapokanyaga klachi, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Ikiwa inasikika nyutro mguu ukiwa juu, ukikanyaga inanyamaza, ni beringi ya shafti inayoingia giaboksi, na hiyo, pole, lazima ishuke.

Oili ya giaboksi nayo ina dhambi yake. Tunakwenda dukani tunasema "nipe tisini" kama tunaomba chumvi. Unene si kitu pekee. Kwenye kopo kumeandikwa GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa kali inayofaa difu, yaani gia za ekseli, na dawa hiyo inaweza kula pete za shaba zinazolainisha gia kwenye giaboksi nyingi za zamani. Muuzaji anaweza kukwambia GL-5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa. Mjibu kwa adabu kwamba kiatu namba kumi si bora kuliko namba nane.

Otomatiki. Hapa ndipo watu wanapotoa roho. Chomoa kijiti cha oili, injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, gari mahali sawa, baada ya kupitisha mkono wa gia sehemu zote. Magari mengi hupimwa hivyo. Machache hupimwa injini imezimwa, kitabu cha gari kitakwambia. Oili iwe nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, pleti za ndani zimeanza kwisha. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa gari ambalo oili hiyo hupoozwa ndani ya rejeta, rejeta limepasuka ndani. Msiliendeshe hata hadi sokoni. Ikiwa imepungua tu, utaliona linateleza kwenye kona au linachelewa kushika ukitia D asubuhi. Ongeza kidogo kidogo, na iwe aina iliyoandikwa kwa gari hilo. Nimeletewa gari lililotiwa oili ya kopo la bei nafuu "kwa sababu nayo ni nyekundu". Na Vimto pia ni nyekundu.

Dereva wangu pale ananyoosha mkono. Ndiyo, ami? Anauliza kwa nini otomatiki halisukumwi likawaka. Kwa sababu pampu inayosukuma oili ndani yake huzungushwa na injini. Injini ikilala, hakuna presha, hakuna pleti inayoshika, unasukuma magurudumu matupu. Na kwa sababu hiyo hiyo usilivute kwa kamba kutoka hapa hadi Kilifi magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Yanyanyue, au kama ni la kuendeshwa nyuma toa shafti, la sivyo utafika na gari zima na giaboksi maiti.

Jingine, kisha nifunge mdomo. Mvua za El Niño za 1997 zilinifundisha hili, na kila masika yananikumbusha. Dereva akivuka maji ya kimo cha gurudumu, difu na giaboksi zina tundu dogo la kupumulia. Chuma kilikuwa cha moto, kimeingia maji ya baridi ghafla, hewa ya ndani inajikunja, inavuta maji. Baada ya mwezi beringi zinalia. Dereva anakuja anasema, fundi, imeanza tu yenyewe. Ulivuka maji? Sikuvuka. Mficha maradhi kilio humuumbua: nafungua boliti ya chini inatoka chai. Nyinyi madereva, semeni kweli, sisi si mahakama. Na kama maji yaliingia hadi kwenye chujio la hewa, msipige stata kabisa kabla plagi hazijatolewa. Maji hayabanwi, kitakachopinda ni chuma.

Haya. Nimeona sahani zinapita, lakini tuna deni la mama wa Mambrui. Nani ana mita? Wewe, njoo. Mwenzako afungue boneti. Waya mweusi kwenye risasi ya kutoa, si kwenye klipu. Mwekundu kwenye injini. Kwangua rangi hapo kwanza. Mama yangu, panda ndani, gia nyutro, mguu kwenye klachi. Usipige mpaka nikwambie.

Piga.

"Ta!"

Soma kwa sauti, mwanangu, wasikie hata wa nyuma.

"Tatu nukta moja."